Kutoka kwa Sungura hadi kwa Bwana Msa: Mafunzo Niliyopata kwa Kusoma Hovyohovyo

Wazazi wenzangu hupenda kuniuliza mtoto asome nini. Wakija nyumbani wanaona vitabu hadi juu ya kabati la vyombo, basi wanadhani lazima ninayo orodha mahali: hiki cha chekechea, hiki cha darasa la nne, hiki cha kidato cha pili. Sina. Mimi nilisoma kilichopatikana, na Tanga ya utoto wangu ilitoa vitu visivyofanana hata kidogo: kitabu cha darasani, majarida ya katuni kwa mjomba kinyozi, jarida la kilimo la babu, riwaya ya upelelezi iliyokwisha kunyofoka jalada. Kila kimoja kilinifunza jambo. Mengine niliyaelewa nikiwa tayari nina watoto wangu.

1. Msomaji huanzia masikioni

Bibi akisema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!", hata aliyekuwa anasinzia alikaa sawa. Kabla sijaijua herufi moja nilikwisha kujua kwamba Fisi atadanganyika, kwamba Sungura atatoroka, na kwamba jambo likitokea mara mbili, ya tatu ndiyo yenye kishindo. Nilipokuja kuzikuta hadithi hizohizo kwenye maandishi, kazi ilikuwa nusu. Hadithi nilikuwa nayo. Kilichobaki ni kutambua herufi.

Siku hizi humsomea mjukuu wa dada yangu, ambaye hajaanza shule. Nikiruka ukurasa kwa sababu ya usingizi ananikamata palepale: "Bibi, bado kuku hajapanda basi!" Hajui hata silabi moja, lakini maandishi anayalinda kuliko mhariri.

Vitabu vya namna hiyo, vyembamba, vyenye picha kubwa na sentensi mbili tatu kila ukurasa, vilikuwa adimu sisi tulipokuwa wadogo. Mchapishaji aliogopa, na si bila sababu: picha za rangi ni ghali, na mzazi hununua kitabu kile tu alichotajiwa na mwalimu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Dar es Salaam mwaka 1991 ulilitafutia dawa jambo hilo kwa kumhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala zake zitanunuliwa na kupelekwa shuleni. Leo mtu anaweza kwenda dukani na kuchagua, jambo ambalo mama yangu hakulijua.

Neno langu kwa waandishi wetu wa watoto ni moja. Wanapenda mno kuadhibu. Mtoto akipanda mti ukurasa wa tatu, ukurasa wa kumi na mbili lazima avunjike mguu, na ukurasa wa mwisho aombe radhi akiwa na bandeji. Watoto wanainusa harufu ya mahubiri kutoka mbali. Sungura amedumu karne na karne kwa sababu anaiba ndizi na harudishi.

2. Kwaya si kusoma

Mtajie Mtanzania wa rika langu jina la Kibanga, naye atakumalizia: ampiga mkoloni. Anza kusema "sizitaki", atakuambia "mbichi hizi". Tulisoma vitabu vilevile vya Tujifunze Lugha Yetu nchi nzima, kuanzia Kigoma hadi Mtwara, na hata leo msibani, usiku ukishakuwa mrefu, mtu mmoja akianza kisa kimojawapo wenziwe wanamwitikia. Urithi wa namna hiyo si wa kudharau.

Ila tuseme na upande wa pili. Dawati zima lilikuwa na kitabu kimoja, na aliyekaa pembeni aliyaona maandishi kiubavu. Tulisoma kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba, na wengi wetu tuliukariri ukurasa bila kuutazama. Mwalimu wetu wa darasa la pili aligundua hilo akaanza kutuandikia ubaoni maneno yaleyale ya kitabuni, lakini kwa mpangilio mwingine. Darasa lilinyamaza kama maji ya mtungini. Waliobaki wakisoma walihesabika, nao hawakuwa wale wenye sauti kubwa.

3. Kisichoisha hufundisha kumalizia

Mjomba alikuwa na kibanda cha kunyolea Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana, na sikuwahi kurudi mapema. Kwenye benchi la wateja palikuwa na rundo la Sani, kurasa zimelegea kwa kupekuliwa, na humo walikuwamo Lodi Lofa, Ndumilakuwili na yule mtundu Madenge. Mama hakulipenda jarida hilo. Alisema lina picha nyingi na lugha ya vijiweni.

Picha zenyewe ndizo zilizonifunza. Katika katuni, kati ya kisanduku kimoja na kinachofuata kuna kitu kimetokea ambacho mchoraji hakukichora. Hapa Lodi Lofa anabisha hodi kwa watu amevaa shati safi; pale yuko mtaroni, kiatu kimoja hakipo. Aliyemtupa humwoni. Unamweka mwenyewe, na ukimweka vibaya kichekesho hakikuchekeshi. Miaka mingi baadaye, nilipokutana na waandishi wanaoacha mambo bila kuyaeleza, sikuhangaika sana. Nilikuwa nimezoezwa kinyozini.

Na lugha ya vijiweni nayo ilikuwa na kazi yake. Kitabu cha shule kilimfanya kila mtu azungumze kama mwalimu mkuu: baba, mwizi na mbuzi, wote kwa ufasaha mmoja. Ndani ya Sani tapeli aliongea kitapeli na mama mwenye nyumba aliongea kama mama mwenye nyumba aliyekosa kodi. Nilijifunza kuwatambua watu kwa vinywa vyao.

Kisha kulikuwa na hadithi za mfululizo zilizokatikia patamu, chini yake pameandikwa kwamba itaendelea toleo lijalo. Toleo lijalo aghalabu halikuwapo: mteja kaondoka nalo, au mjomba kafutia wembe. Mimi na kaka yangu tulilazimika kuumaliza mkasa wenyewe tukitembea kurudi nyumbani, kila mmoja na mwisho wake, tukigombana kweli kweli kuhusu nani afe.

Shule nyingine ya vipandevipande ilikuwa karatasi za karanga. Muuza karanga alizikunja kwa magazeti ya zamani na kurasa za madaftari, na sisi tulikula haraka ili tusome. Mara unapata nusu ya matokeo ya mpira, mara insha ya mtoto usiyemjua iliyopata sita juu ya kumi. Nakumbuka habari moja ya mahakamani: mshtakiwa alieleza kwamba siku ya tukio alikuwa… na hapo karatasi ikaisha. Mpaka leo sijui alikuwa wapi, na nimekwisha kumtungia safari nyingi.

4. Asiyeshika riwaya huenda anakuzidi kwa kusoma

Babu yangu mzaa mama alikuwa na machungwa yake Muheza na hakuwahi kusoma hadithi hata moja. Alichosoma ni Ukulima wa Kisasa, jarida la wizara ya kilimo, na alilisoma akiwa na kalamu. Alipiga mstari, aliandika "uongo" pembeni, mara nyingine "nimejaribu, kweli". Sijamwona profesa anayebishana na maandishi kwa heshima kama ile. Watu wanaposema wazee wetu hawakuwa na utamaduni wa kusoma, humkumbuka yeye na kalamu yake.

Bibi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni iliyofuata iliwaingiza darasani mama zetu jioni baada ya shamba. Vitabu vya kisomo havikuwa na mahaba wala mashujaa. Vilihusu kazi: kule Kanda ya Ziwa pamba, uvuvi na migomba, kwingineko mambo ya afya na chakula. Ukivitazama leo utasema vinachosha. Lakini kabla ya hapo, barua za wanawe waliokuwa Dar es Salaam zilisomwa na kijana wa jirani, na jioni mtaa mzima ulikuwa umekwisha kujua nani kaomba hela na nani kampa mtu mimba. Alipoweza kusoma, bibi aliziweka barua kwenye sanduku na kulifunga kwa kufuli. Kwa wiki nzima majirani walipita kumjulia hali bila sababu.

Binti yangu naye alipokuwa sekondari alinionyesha jarida la Femina, lililoanza mwaka 1999 na kugawiwa bure mashuleni. Lilizungumzia ukimwi, uhusiano na mwili kwa maneno ambayo mimi na baba yake tulikuwa bado tunayazungukazunguka. Nililisoma kwa siri kwanza. Kisha tukaacha kuficha, sote wawili.

5. Mpelelezi mwenye kiko na mpelelezi mwenye bastola wote wana nafasi

Ile riwaya isiyo na jalada ilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ingawa jina lake nililijua baadaye. Bwana Msa wa Unguja, na kiko chake mdomoni, alinifanyia jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifanyia: alinichukulia kuwa nina akili. Kila alichokiona yeye nami nilikiona. Tofauti ni kwamba yeye alikitafakari, mimi nilikipita mbio kama rafiki yake Najum. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo kutafuta alama nilizozikanyaga bila kuziona, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kusoma kitabu mara mbili kwa hiari.

Kaka yangu alikuwa mtu wa Willy Gamba. Riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, zilimpeleka kwenye ndege, hoteli na mapambano dhidi ya makaburu na vibaraka wao, wakati Dar es Salaam ya kweli ilikuwa imejaa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Baadaye akaja Joram Kiango wa Ben Mtobwa, naye kaka akahamia huko na godoro lake. Tulibishana kwa miaka. Mimi nikisema Willy Gamba hafikiri, anapiga tu. Yeye akisema Bwana Msa angekutana na makaburu angewauliza maswali mpaka wachoke wamuue.

Nilivisoma vya kwake pia, nikiwa nimevificha ndani ya daftari la jiografia, na daftari hilo lilistahili: miji mingi ya Afrika niliijua kwa kumfuata Willy Gamba kabla sijaiona kwenye ramani. Wasomi wetu waliviita vitabu hivi vya kilimbwende, vya kupoteza wakati. Ninachojua ni kwamba kaka yangu, ambaye shuleni alionekana hapendi kusoma, alikuwa anamaliza kimoja kwa usiku mmoja kwa mwanga wa koroboi, na leo ni wakili anayesoma majalada mazito kwa kasi inayowashangaza makarani wake. Sidai kwamba bastola ndizo zilizompa digrii. Zilimpa mwendo.

6. Vitabu vikubwa vilitoka kwenye rundo lilelile

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa, na ndilo ninalolishikilia kuliko yote.

Nilifundishwa kwamba kuna vitabu vya heshima na kuna takataka, na kwamba mtu huanza chini akapanda. Kisha nikaanza kuchungulia vile vya heshima vilizaliwaje. Mambo Leo, jarida la idara ya elimu lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na habari za serikali, barua za wasomaji, mafumbo, hadithi na mashairi, vyote vimebanana. Humo, katikati ya matangazo na malalamiko, watu walisoma mashairi ya Shaaban Robert kabla hajawa sanamu tunayoiinamia katika mitihani. Bwana Msa mwenyewe alifika kwetu kwa njia ya shindano: Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ukachapishwa 1960.

Chukua Adili na Nduguze, ambacho Shaaban Robert alikitoa mwaka 1952. Tuliambiwa ni kitabu cha maadili, tukajibu maswali ya maadili. Hakuna aliyetuambia kwamba kisa cha ndugu wawili wenye husuda wanaogeuzwa wanyama, na mtu anayelazimika kuwachapa kila usiku, kimo katika Alfu Lela Ulela. Kule ni mbwa, huku ni manyani. Kule mfalme anayetaka kujua kulikoni ni Harun al-Rashid, huku ni Rai. Mwandishi wetu mkubwa alichukua hadithi ya sokoni ya Waarabu akaifanya yake, kama Waswahili walivyomchukua Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad, wakamfanya Abunuwasi anayewazidi ujanja masultani. Nilipovisoma vyote viwili pamoja, nikiwa nimekwisha kuacha shule zamani, Adili aliacha kuwa somo akawa hadithi. Nilicheka mahali ambapo zamani nilipigia mstari.

Hata tafsiri za zamani ni mchanganyiko wa ajabu. Frederick Johnson, ambaye mwaka 1930 alikuwa katibu wa kwanza wa kamati ya kusanifisha Kiswahili, alikuwa amekwisha kushiriki katika kutafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, vyote vya 1929. Fikiria: Mwingereza Rider Haggard, mwenye Mashimo ya Mfalme Sulemani, anatunga Afrika ya kichwani mwake, Mwingereza mwingine anaitia Kiswahili, na kijana wa Bonde anaisoma Afrika hiyo chini ya mwembe ili ajue Kiswahili sanifu. Kiburi cha Haggard kimo humo tele na sikitetei. Pamoja na hayo, mzee mmoja jirani yetu alikuwa akikisimulia kitabu hicho kwa furaha tupu, akiwapa wale Wazungu majina ya utani ya Kidigo, na kwa mdomo wake wakawa vichekesho.

Alice wa Lewis Carroll naye kaja mara mbili. Mwaka 1940 alikuja kama Elisi, michoro ikimwonyesha kuwa mtoto wa Kiafrika, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akamtafsiri upya akiwa Alisi. Mtafsiri huyohuyo ndiye aliyetuletea Peponi ya Abdulrazak Gurnah mwaka 2022, kitabu kilichoanzia pwani yetu, kikaandikwa kwa Kiingereza, kikarudi. Wanangu walimpenda Alisi kwa sababu ileile iliyonifanya nimpende Sungura: hakuna anayejua atafanya nini.

Kwa hiyo ninapomwona mtu anamnyang'anya mtoto katuni ili ampe Kusadikika ya Shaaban Robert, huniuma. Ngazi anayoifikiria haikuwapo hata kwa waandishi wenyewe.

7. Kuna siku kitabu kitakutaja

Shemeji yangu wa Mombasa alinitumia Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba. Nilikuwa nimesoma London, Baghdad na Unguja, sikuwa nimesoma Tanga yangu kwa kalamu ya Mkenya. Nilikisoma nikimsahihisha mwandishi barabara na vichochoro, kisha nikaacha kusahihisha.

8. Kigumu kisubiri

Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1990, niliifungua nikiwa kijana nikaifunga. Nikaifungua tena baada ya kumzika baba, ikasomeka. Utenzi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, haukunifungukia kamwe kwa macho. Kiamu chake kilinipita mpaka shangazi mmoja aliyeolewa Lamu aliponisomea kwa sauti yake, taratibu, akisimama kueleza. Ndipo nikajua kwamba hata katika utu uzima kuna vitabu ambavyo lazima tukae mkekani tuviitikie.

9. Rundo la kinyozini limehamia kwenye simu

Mpwa wangu, kijana wa chuo, haingii maktaba. Sisi tulikuwa na ile maktaba ya mkoa pale Tanga, jengo la enzi za Mwingereza la kumkumbuka Mfalme George VI, ambamo tuliingia kwanza kwa ajili ya feni na baadaye kwa ajili ya vitabu. Yeye yuko kwenye makundi ya WhatsApp yanayotuma simulizi kwa sehemu. Sehemu za mwanzo ni bure. Mambo yakikolea, mtunzi anaandika kwamba anayetaka kuendelea atume pesa kwa simu. Tahajia ni ya kuhuzunisha. Mashujaa wote ni mabilionea au majini, wakati mwingine mtu mmoja ni vyote viwili. Alinipa nione, nikasoma sehemu moja kwa jicho la ukaguzi, nikasoma ya pili, na ilipofika alfajiri mume wangu akauliza taa inawaka ya nini.

Sasa tuko sehemu ya arobaini na kitu. Yule bilionea kagundua kwamba mchumba wake ni dada yake wa baba mmoja, au pengine si yeye, ni pacha. Mpwa wangu anasema ni pacha. Mimi nasema mtunzi anatuzungusha, maana ile pete ilikwisha kutajwa sehemu ya tisa, na Bwana Msa asingeipita. Ya kesho inauzwa shilingi elfu moja, na kwa kuwa yeye ni mwanafunzi, ninayelipa ni mimi.